Paka wa Siam na siri ya masizi yake

Wiki ya tano baada ya paka wangu kufungwa kizazi, nywele zilianza kurudi ubavuni, pale daktari aliponyoa. Mwili wa paka huyu ni rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Nywele zilizorudi zilikuwa za kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kiraka cha mraba kana kwamba fundi kamshonea kipande cha suti. Nikajua ni fangasi. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunga kanga juu, tukapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo yuleyule. Alimgeuza mara moja tu, akacheka.

"Dada, huyu haumwi. Alipokuwa na kidonda alikuwa analala wapi?"

Sebuleni, nikamwambia, kwenye vigae. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Julai ya Arusha haihitaji maelezo.

"Basi ubavu ulipigwa na baridi. Paka wa Siam ukimnyoa wakati wa baridi, anaota nywele nyeusi."

Nilidhani ananitania. Nimekuja kujua kwamba sentensi ile moja ndiyo ufunguo wa karibu kila kitu kinachowashangaza watu kwa paka huyu: uso mweusi, macho ya buluu, makengeza, watoto wanaozaliwa weupe, hata ule utapeli wa kuuziwa paka ambaye siye.

Paka wangu anaitwa Masizi. Ukimwona huulizi kwa nini: ni kama mtu aliyechungulia jikoni kwa bibi akagusisha pua, masikio, nyayo na mkia kwenye chungu. Na sehemu hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ndizo zilizo baridi zaidi mwilini. Joto la ndani la paka ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, lakini masikio ni membamba, mkia na miguu viko mbali na moyo, na puani hewa inapita saa zote.

Rangi nyeusi na kahawia ya nywele hutokana na melanini. Ili mwili utengeneze melanini unahitaji kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi hiyo, kiitwacho tairosinasi. Kwa paka wa kawaida kimeng'enya hicho hufanya kazi mwili mzima, kwa hiyo paka mweusi anakuwa mweusi hadi tumboni. Kwa paka wa Siam, jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho ina kosa dogo, herufi moja tu imebadilika, na kwa sababu hiyo kimeng'enya hakivumilii joto. Penye joto la kawaida la mwili hulegea na kuacha kazi. Penye ubaridi hufanya kazi vizuri. Kwa maneno mengine, paka huyu ni albino wa nusu: kwenye kiwiliwili chenye joto rangi inazimika, kwenye ncha zenye ubaridi inawaka.

Mwaka 1930 watafiti wawili wa Urusi, wote wa jina la Iljin, walichapisha matokeo ya jaribio lililothibitisha jambo hili: nywele zilizoota upya mahali palipopoa zilitoka nyeusi, na zilizoota penye joto zilitoka nyeupe. Masizi aliwarudia jaribio lao sakafuni kwangu, bure. Kiraka chenyewe hakikudumu. Nywele zile zilipopukutika kwa zamu yake, mpya ziliota chini ya koti lililokwisha kuwa zito, na rangi ikarudi ya zamani. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humuuliza mwenye paka wa Siam kama anajali mwonekano, kisha wakapasua tumboni katikati badala ya ubavuni.

Kama umewahi kufuga sungura wa California, wale weupe wenye masikio, pua na miguu myeusi, umeshaliona jambo hili kwa macho. Kanuni ni ileile.

Mengine yanafuata yenyewe. Watoto wa paka wa Siam huzaliwa weupe au rangi ya krimu kwa sababu tumboni mwa mama hakuna sehemu ya baridi. Siku na wiki za kwanza ndipo masizi huanza kuonekana, mara nyingi kwenye kingo za masikio na puani, halafu mkiani. Rangi kamili huchukua miezi mingi. Na kadiri paka anavyozeeka ndivyo kiwiliwili kinavyokolea, kwa hiyo usishtuke ukiona yule uliyemchukua akiwa kama pamba anaanza kufanana na kahawa ya maziwa. Nduguye Masizi wa tumbo moja yuko Tanga kwa dada yangu. Tukiweka picha zao pamoja, wa Tanga ni mweupe zaidi mgongoni na soksi zake ni fupi. Damu inaweza kuwa na mchango wake, ndugu si lazima wafanane, lakini joto la pwani na baridi ya mlimani vinatosha kabisa kuleta tofauti ya aina hiyo.

Macho ya buluu nayo yametoka kwenye kosa lilelile. Ndani ya jicho kuna joto, melanini haitengenezwi ya kutosha, na kile kinachoonekana ni mwanga unaotawanyika ndani ya duara linaloizunguka mboni, duara lisilo na rangi, kama anga linavyoonekana buluu ilhali hewa haina rangi. Paka wa Siam wote wana macho ya buluu. Ukiambiwa huyu ni wa Siam halisi na macho yake ni ya kijani au ya njano, shukuru, aga, ondoka.

Makengeza yana hadithi ndefu kidogo. Wakati jicho la kijusi linajengwa, melanini husaidia kuelekeza nyuzi za neva kutoka jichoni hadi ubongoni: zipi zivuke kwenda upande wa pili, zipi zibaki upande wake. Melanini ikipungua, nyuzi nyingi kupita kiasi huvuka. Ubongo unapokea picha zilizopangwa visivyo, na baadhi ya paka hugeuza macho ndani. Kwa paka aliyezaliwa hivyo si ugonjwa wa kutibu. Anakimbia, anaruka, anakamata panya, ingawa kupima umbali kwa macho mawili si nguvu yake. Masizi huangalia rafu ya vitabu kwa muda mrefu kabla ya kuruka, kama mtu anayehesabu nauli, na mara moja moja hukosa. Paka mzima aliyekuwa sawa halafu akaanza makengeza ghafla, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Kule alikotoka walikuwa na maelezo yao matamu zaidi. Siam ndiyo Thailand ya leo. Jina lilibadilishwa mwaka 1939. Huko paka huyu anaitwa wichien maat, jina linalofasiriwa mara nyingi kuwa almasi ya mwezi, naye ametajwa kwenye hati za kale za mashairi ya paka zinazohusishwa na enzi za Ayutthaya, ufalme ulioanguka mwaka 1767. Hadithi zinasema makengeza aliyapata kwa kukodolea macho kikombe cha dhahabu alichopewa kukilinda. Mkia uliopinda ncha, kasoro iliyokuwa ya kawaida kwa paka hawa zamani, husemwa ulitokana na binti mfalme aliyekuwa akitundika pete zake humo wakati wa kuoga.

Waingereza hawakumpenda mara moja. Alipoonyeshwa London mwaka 1871, kwenye maonyesho ya paka ya Crystal Palace yaliyoandaliwa na Harrison Weir, inasimuliwa kuwa mmoja wa waliomwona alimwita paka wa jinamizi. Miaka saba baadaye balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Bangkok, David Sickels, alimtuma mmoja Ikulu ya Marekani kwa Rais Rutherford Hayes na mkewe. Mwaka 1884 mwanadiplomasia Mwingereza, Edward Blencowe Gould, alirudi nyumbani na jozi iliyoitwa Pho na Mia (mia kwa Kithai ni mke) kwa ajili ya dada yake, Lilian Veley. Watoto wa jozi hiyo walionyeshwa mwaka uliofuata, na mwaka 1901 Veley alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya kwanza ya paka wa Siam Uingereza.

Kuanzia hapo wafugaji wa Magharibi walimvuta kwelikweli. Majaji wa mashindano walipenda wembamba, na miaka ilivyosonga uso ukawa pembetatu, masikio yakawa makubwa kama ya popo, mwili ukawa bomba. Paka aliyebaki Thailand ana kichwa cha mviringo zaidi na mwili wa wastani. Leo baadhi ya vyama vya paka vinamsajili kando kwa jina la Thai. Ndiyo maana ukitafuta picha za paka wa Siam unapata wanyama wawili wasiofanana na kila upande unadai wake ndiye wa kweli. Nikiulizwa mimi, yule wa uso wa mviringo ndiye ambaye mwandishi wa mashairi yale angemtambua.

Sasa utapeli. Jeni ya Siam ni ya kujificha: paka anahitaji nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, ili rangi itokee. Mwenye nakala moja anaonekana wa kawaida kabisa. Paka wawili weusi wa mtaani, kila mmoja na nakala moja iliyojificha, wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka na uso wa masizi na macho ya buluu. Hivyo basi paka wa sokoni mwenye sura ya Siam anaweza asiwe na ukoo wowote wa kuuzungumzia zaidi ya babu mmoja wa mbali aliyeshuka na mabaharia. Ni mzuri vilevile, na mara nyingi ana afya bora kuliko mwenye cheti cha ukoo, lakini asiuzwe kwa bei ya cheti. Kinyume chake, wazazi wote wawili wakiwa wa Siam, watoto wote lazima watoke hivyo. Ukioneshwa wazazi wawili wa Siam na katikati ya watoto kuna mweusi tii, ujue kuna jirani aliyepita usiku; paka jike anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti kwa mkupuo mmoja.

Na usinunue kitoto cha wiki tatu. Kikiwa cheupe hivyo hakuna anayeweza kukuapia kitakuja kuwaje, na ni mapema mno kukitenga na mama. Paka wa Siam hasa anafaa kukaa na mama na ndugu hadi karibu wiki 12. Wanaoachishwa kunyonya mapema huhusishwa na tabia ya kunyonya na kutafuna nguo, tabia ambayo ukoo huu tayari unayo. Masizi alinilia ncha ya blanketi na soksi mbili. Nguo iliyomezwa inaweza kuziba utumbo, na uzi ni hatari zaidi kwa sababu hukunja utumbo kama gauni lenye marinda. Ukiuona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke.

Sasa mdomo wake. Wasiomjua hudhani nyau ni nyau. Paka wa Siam ana sauti nzito, ya kukwaruza, na anaitumia kwa kila jambo: chakula kimechelewa, mlango umefungwa, mlango umefunguliwa, umeamka, mbona umekaa kimya. Ukimjibu anajibu. Hili humchosha mtu anayetaka utulivu, na ningemshauri mtu huyo achukue paka mwingine bila kuona aibu.

Kilele ni jike anapokuwa kwenye joto, yaani anapotaka dume. Masizi alianza na miezi mitano tu. Ukoo huu hupevuka mapema. Usiku wa pili bibi wa jirani aligonga mlango alfajiri, kajifunga kanga mbili. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akanipima tumbo kwa macho. "Mwanangu, tumbo hatukuliona, mbona mtoto analia humu usiku kucha?" Nikamfungulia aone. Masizi alikuwa sakafuni, anajibingirisha na kupiga mayowe kama anachinjwa.

Katika nchi zenye majira marefu ya baridi, paka hupumzika miezi ya giza kwa sababu mwili wao husoma urefu wa mchana. Sisi tulio karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hakuna likizo: jike asiyepandwa hurudi kwenye joto kila wiki mbili tatu, Januari hadi Desemba. Kumfunga kizazi kabla ya joto la kwanza kunamwepushia mateso hayo na kunapunguza sana uwezekano wa saratani ya matiti, ugonjwa ambao paka wa Siam wanaonekana kuupata zaidi ya wengine. Dume naye ahasiwe, la sivyo atakupulizia mkojo kwenye makochi.

Chakula kinanipa shida kukieleza kwa upole. Paka ni mla nyama kamili. Tunawapa ugali uliochovywa mchuzi, wanakula kwa njaa, tunasema wamezoea. Paka hatengenezi taurini ya kutosha mwilini. Lazima aipate kwenye nyama au samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Dagaa ni wazuri, ila taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo ukiwachemsha mpe na supu yake. Moyo wa kuku au wa ng'ombe ni hazina ya bei nafuu. Samaki wabichi kila siku hapana, baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu yao, na hapo ndipo mchuzi wetu unapokuwa tatizo. Masizi hula chakula cha dukani asubuhi na nyama jioni, hupimwa uzito kila mwezi kwenye mizani ambayo jirani hupimia nyanya, na hana kilo nne.

Kuna makosa mawili yanayoua paka kwa nia njema. La kwanza ni Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, ufizi ukigeuka rangi ya udongo na pumzi ikikata. La pili ni dawa ya kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa au ng'ombe, zile zenye permethrini au sipamethrini. Muuzaji atakwambia "weka kidogo tu." Paka ataanza kutetemeka na kupata degedege. Uliza dukani dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, na kama haipo, rudi mikono mitupu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima hata kama hatoki nje, pamoja na ile ya pamoja dhidi ya mafua makali na ugonjwa wa kuhara unaomaliza vitoto. Magonjwa ya ukoo yapo: upofu wa taratibu wa retina (utando wa nyuma ya jicho), protini kujazana kwenye ini, meno, na pumu. Pumu ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu huonekana kama kitu kingine. Paka anachuchumaa, shingo mbele, anakohoa kavu, nawe unasubiri atapike nywele. Hatapiki kitu. Katika nyumba zetu wachochezi wanajulikana: jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani. Kwa shangazi yangu Mombasa paka hutolewa chumbani kabla chetezo hakijaingia, na hakuna anayeona hilo ni kumdekeza.

Lililobaki ni upweke. Paka wa kawaida ukimwachia chakula atakusamehe. Huyu hufuata mtu hadi chooni, hujifunza kufungua kabati, hukubali hata kuvishwa kamba na kutembezwa, na akibaki peke yake anaanza kuharibu vitu au kujilamba hadi ngozi inabaki wazi. Mwaka juzi nilisafiri kwa msiba siku tisa, nikaacha ufunguo kwa mtu wa kuja kumwaga chakula mara moja kwa siku. Siku ya nne akanipigia: bakuli halijaguswa tangu juzi. Sikujua wakati ule kwamba paka asipokula siku mbili tatu mafuta huanza kujazana kwenye ini, na huweza kumuua kabla hata hajakonda. Alilishwa kwa bomba la sindano, akapona.

Siku hizi nikisafiri, mjukuu wa yule bibi wa jirani, yuko darasa la sita, huja kila jioni kufanyia kazi zake za shule mezani kwangu. Malipo ni chapati na soda. Anasema Masizi hulala juu ya daftari la hisabati na kumpigia kelele akigeuza ukurasa. Nikirudi, paka hukaa mgongo kwangu kwa robo saa nzima, halafu huanza kunisomea mashtaka.